Hereni Sita za Mikuyu

Ni mimi niliyechukua zile hereni. Zilikuwa sita, za plastiki ya njano, kila moja na namba yake, na zilikaa ndani ya kopo la kakao juu ya kabati la baba. Nimekana jambo hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilikana mbele ya baba aliponiuliza mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, huku akifunga kamba za viatu. Nilikana mbele ya mama, ambaye hakuuliza ila alitazama, na nikaendelea kukana mpaka tulipomzika. Nilifika hadi kitubioni, huko kwetu Kibosho, wakati wa kujiandaa na Pasaka, nikapiga magoti na kumwambia padri kwamba nimeiba sukari. Sikuwa nimeiba sukari. Nilipewa Salamu Maria tatu kwa dhambi ya kutunga, nikazisali zote kwa uaminifu. Nadhani hiyo ndiyo hadithi yangu ya kwanza kupokelewa bila kusahihishwa.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni mjini Moshi nikichagua ndizi za mtori, na kwenye meza ya jirani mama mmoja alikuwa anakata sabuni ya mche kwa uzi, kipande baada ya kipande. Harufu ile nzito ya mafuta na magadi ilinipiga puani nikasahau hata nilichokuwa nimeshika. Wa rika langu wataelewa. Tulikua wakati ambao sabuni ilikuwa habari. Duka la ushirika likipata katoni, taarifa ilivifikia vijiji vitatu kabla katoni haijashushwa garini. Siku nyingine zote tulifua kwa majani ya mpapai, tukiyasugua mpaka yatoe povu la kijani, na mashati meupe ya shule yakageuka taratibu kuwa na rangi isiyo na jina.

Sisi tulikuwa na katoni nzima chini ya kitanda cha wazazi, na hatukuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya serikali. Mama alifagia kuizunguka kila asubuhi, kisha akatoka kwenda kuchuma majani ya mpapai.

Baba alikuwa Bwana Samaki wa Kahe. Ndivyo alivyoitwa, kama mwenzake wa mazao alivyoitwa Bwana Shamba, na jina lake la ubatizo lilijulikana kanisani tu. Tulikuwa Wachagga wa Kibosho tulioshushwa tambarare na barua ya uhamisho, na kwetu huko juu kizazi cha bibi zangu hakikula samaki. Hawakuwa na ugomvi naye. Walimwona tu kuwa nyoka aliyependelea maji. Mama alishuka na imani hiyo pamoja na vyungu vyake. Baba akirudi kutoka mtoni alinawa nje kwa majivu, mpaka viwikoni, ndipo akapewa kiti. Samaki hakuvuka kizingiti cha mama, awe mbichi, awe mkavu, awe kichwa kitupu. Na baba mwenyewe, aliyeweza kukuambia umri wa kambale kwa kutazama mwiba wa pezi lake, hakuwahi kumwonja.

"Bwana Samaki," wavuvi walimtania, "huyu unayemlinda unamjua kwa sura tu."

"Polisi naye hali wezi," baba alijibu, nao wakacheka, maana alikuwa mtu wa watu.

Swali alilotumwa kulijibu lilikuwa moja. Masika yakianza, kambale huuacha mto mkubwa, Ruvu, na kupanda vijito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Wanapanda wakiwa wamejaa mayai, wazito, hawana hila, na mtu yeyote mwenye mgono, lile kapu refu la fito ambalo samaki akishaingia hatoki, anaweza kuwavuna kama mahindi. Ukimtoa mmoja wakati huo umetoa na watoto wake wote. Kambale walikuwa wanapungua, na wakubwa wa baba walitaka kijito kimoja kifungwe kila masika ili wapite kwa amani. Lakini vijito vilikuwa viwili. Mikuyu uliingia Ruvu upande wa machweo, Mto Mweusi upande wa macheo, na kati yao ni mwendo wa kuchoka kidogo tu. Kufunga vyote kulikuwa ni kufunga midomo ya watu. Basi ilibidi kujulikana: kambale wanapanda kijito kipi?

Ndipo zikaja hereni. Kabla ya mvua, baba na vibarua wawili walivuta wavu katika Ruvu, chini ya vijito vyote viwili, wakawatia kambale kwenye pipa la maji, na kila mmoja akavalishwa hereni shavuni kwa uzi wa nailoni. Mimi nilikaa juu ya debe lililogeuzwa, daftari magotini. Nilikuwa na miaka tisa na mwandiko mzuri kuliko wa vibarua, na nilijivunia jambo hilo kiasi cha kuchosha. Baba alisoma namba, mimi niliandika, samaki alirudishwa majini. Baadhi walifia kwenye pipa, kwa joto au kwa kushikwa mno. Hao baba aliwavua hereni, akazitia kwenye kopo la kakao, akaniambia, "Futa." Maana yake nipige mstari juu ya namba ile ili ijulikane haiko mtoni. Nilikuwa nafuta. Siku ya mwisho nilisahau kabisa, kwa sababu kando ya mto kulikuwa na kerengende wekundu. Nasema kerengende ili nisiseme uvivu.

Mvuvi ambaye angempata kambale mwenye hereni aliambiwa ailete kwa Bwana Samaki, aseme ameipata wapi, na apewe mche wa sabuni. Maagizo yalitaka ailete pamoja na kichwa cha samaki, bado kibichi, baba aone mwenyewe tundu la uzi. Mama akasema vichwa vya samaki haviji mlangoni kwake. Baba, ambaye nimemwona akimfukuza mamba kwa kasia, aliwatangazia wavuvi: leteni hereni tu, kichwa kaleni. Utafiti mzima wa vijito viwili ulitobolewa hapo, na lililoutoboa ni jiko la Kibosho. Mimi nilipita tu kwenye tundu ambalo lilikuwapo tayari. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa miaka, na bado nadhani ni utetezi mzuri, isipokuwa hausaidii.

Ukutani, karibu na kabati, baba alibandika karatasi yenye safu mbili: Mikuyu, Mto Mweusi. Kila hereni iliyorudi iliwekewa kijiti. Shuleni kwetu tulikuwa na karatasi kama hiyo ya mashindano ya usafi baina ya madarasa, na mshindi alipewa mpira. Kwa hiyo nilijua ninachokiona. Mito ilikuwa inashindana. Kijito chenye vijiti vingi kingeshinda, na watu wake wangepewa kitu kikubwa, labda pampu, labda hata mpira. Hakuna aliyeniambia hivyo, na sikuuliza, kwa kuwa mtoto hodari darasani haulizi mambo yaliyo wazi.

Nilitaka Mto Mweusi ushinde kwa sababu ya Nakijwa. Nakijwa alikuwa Mpare, tulikaa dawati moja, na ukoo wao ulikuwa na mahali pake pa kutega Mto Mweusi. Kule kila ukoo una mahali pake, penye uzio wa fito uliokatiza kijito, na panarithiwa kama sisi tunavyorithi kihamba, shamba la ukoo. Kutega penye uzio wa mwingine ni wizi, na faini yake ni mbuzi. Wiki moja mwalimu wa zamu alimsimamisha Nakijwa mstarini, akalishika shati lake kwa ncha za vidole, akamwambia arudi nyumbani mpaka liwe jeupe. Siku ya tatu alikuwa hajarudi. Dawati lilikuwa pana mno. Nikapanda juu ya kiti, nikafungua kopo la kakao, nikachukua sita za juu, na kwenda kumpa nyuma ya banda lao la mbuzi.

"Za nini?" Nakijwa aliuliza.

"Za sabuni. Mpe babako. Aseme amewapata kwenu, Mto Mweusi. Mtashinda."

"Tutashinda nini?"

"Sijui. Ila mtashinda."

Alizitazama kwenye kiganja chake. "Na babako akijua?"

"Babangu hajui kuhesabu vya kwenye kopo," nilisema. Lilikuwa jibu la kijinga, na bahati mbaya lilikuwa la kweli.

Baba Nakijwa hakuzileta zote kwa pamoja. Alikuwa na akili kuliko mimi. Alileta mbili, zikafuata mbili wiki ya pili, na mbili wiki ya tatu, zimefungwa ndani ya jani la mgomba na zinanuka samaki kiasi kwamba mama alitoka kwenda kufagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Jioni ile ya kwanza mimi ndiye niliyepeleka chai. Baba alikuwa amefungua daftari, na kidole chake kilishuka kwenye safu ya namba nilizoandika kwa mkono wangu. Namba zote mbili zilikuwapo. Hazikuwa na mstari. Ni hapo, nimesimama na birika, nilipokumbuka kerengende.

"Umewapata wapi?" baba aliuliza.

Nilimtazama Baba Nakijwa nikisubiri aseme kwao.

"Mikuyu," alisema.

Baba aliinua kichwa. "Mikuyu? Wewe mahali pako si Mto Mweusi?"

"Ndipo mahali pangu."

"Sasa Mikuyu kwa nani?"

Baba Nakijwa aliweka kikombe chini. "Kwa Bibi Namkunda. Nilitega kando ya uzio wake. Bwana Samaki, hilo naomba libaki hapa. Sina mbuzi."

Sikuelewa. Mtu mzima alikuwa anajisingizia wizi ili kuupa ushindi mto wa watu wengine. Nilidhani amechanganyikiwa, au Nakijwa hakumwelekeza vizuri. Ilinichukua miaka kuona alichokiona yeye papo hapo: kwamba kijito chenye hereni nyingi ndicho kitakachofungwa. Hereni za mtoto mjinga zilimpa njia ya kuuokoa mto wake, na bei yake ilikuwa kujiita mwizi mbele ya mtu mmoja asiyepiga domo. Baba naye alimwamini kwa sababu hiyohiyo. Nani anajizulia wizi? Aliandika kwa wino, akampa mche mzima wa sabuni, akamshukuru kwa ukweli wake.

Baba Nakijwa alipokuwa anatoka alinipita mlangoni. "Mwanao huyu ana akili," alimwambia baba bila kugeuka. "Atafika mbali." Nakijwa alirudi shuleni Jumatatu. Shati lake lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho.

Mkutano ulifanyika mvua zilipokatika, katika darasa letu, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mimi na Nakijwa tuliegemea dirisha kwa nje. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alisoma matokeo kwa sauti ile aliyoitumia kusoma Waraka kanisani Kibosho: Mto Mweusi, hereni mbili. Mikuyu, hereni saba. Nilikuwa nimekasirika kwamba tumeshindwa, lakini nilikuwa tayari kupiga makofi kwa adabu.

Hapakuwa na makofi. Baba aliendelea kusoma. Kuanzia masika yajayo, mtu yeyote asitege Mikuyu tangu mvua ya kwanza mpaka maji yatakaposhuka. Uzio utang'olewa. Mgono utakaokutwa utachomwa moto.

Watu wa Mikuyu hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Walitazamana tu. Kisha Bibi Namkunda akasimama. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na mahali pake ndipo palipokuwa pa chini kabisa Mikuyu, mdomoni, ambapo kila samaki anayepanda hana budi kupita. Masika ndiyo yaliyokuwa yanamlisha mwaka mzima, yeye na watoto wa marehemu mwanawe. Alikausha kambale na kuwabadilisha kwa mahindi.

"Mwanangu Bwana Samaki," alisema. "Mimi niko mlangoni pa Mikuyu. Nilipata mmoja, nikakuletea mwenyewe. Hao sita walipita wapi, mgono wangu usiwaone?"

Baba alijua, au alidhani anajua. Walipita kwenye mgono wa mwizi. Lakini alikuwa ameahidi kunyamaza, na baba alikuwa mtu wa ahadi. Alimtafuta Baba Nakijwa kwa macho. Baba Nakijwa alikuwa anasoma jedwali la kuzidisha ukutani.

"Bibi, namba hazidanganyi," baba alisema.

"Namba hazidanganyi. Ila zinaletwa na watu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema, "Na huyo anayetufungia hata samaki mwenyewe hamli." Hapo wengi walicheka, na cheko lile halikuwa la utani tuliouzoea. Niliona shingo ya baba ikikaza juu ya ukosi wa koti.

"Kaa chini," baba alimwambia Bibi Namkunda.

"Nimeuliza tu, mwanangu."

"Nimekwambia kaa chini."

Hakuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Huyu ni mwanamke ambaye baba kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwa kuinamisha kichwa. Bibi Namkunda alikaa. Alikaa taratibu, kwa kushika dawati, kwa kuwa lilikuwa dawati la mtoto na halikumtosha. Nakijwa alinivuta mkono. "Twende," alisema. Kufika njiani aliniambia kwamba nikisema neno, babake atafungwa na babangu atafukuzwa kazi, na yeye atarudishwa nyumbani milele. Alikuwa amepiga hesabu zote. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani nilikuwa bado nafikiria mpira.

Masika yaliyofuata baba alikuta migono minne Mikuyu, ikiwa imetegwa chini ya matete. Aliichoma ukingoni. Fito mbichi haziwaki upesi. Alisimama pale akizipepea kwa kofia yake, moshi ukimwingia machoni, na Bibi Namkunda amekaa ng'ambo ya maji na wajukuu wawili, wakimtazama. Ni wiki hiyo baba alipolifungua kopo la kakao akitafuta sindano, na asubuhi yake, akifunga viatu, akaniuliza, "Uligusa kopo?"

"Hapana, Baba."

Alifunga kiatu cha pili. "Sawa," alisema.

Tulihamishwa mwaka mmoja baadaye. Nikasoma, nikasoma tena, na chuo kikuu nilipata alama ya juu kabisa katika somo la mbinu za utafiti. Mtihani ulikuwa na swali juu ya namna data inavyoweza kuharibika kabla haijamfikia mtafiti. Nilijibu kurasa nne bila kupumzika. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba nina kipaji cha mifano ya kubuni.

Habari za Kahe zilinifikia vipande vipande. Mikuyu uliendelea kufungwa masika baada ya masika, kwa sababu amri ya serikali ikishakaa haihitaji tena sababu. Wajukuu wa Bibi Namkunda, walipoona kijito hakiwalishi, walichimba mfereji, wakalima mpunga. Bibi alifariki akiwa anapalilia mashamba ya watu. Mto Mweusi nao ulivuliwa wazi miaka yote hiyo, na kambale wakazidi kupungua, na kila mtu akashangaa, kwa nini wanapungua na Mikuyu umefungwa? Baba Nakijwa naye alifariki. Na Nakijwa tunakutana misibani. Tunaulizana hali za watoto, hatuulizani lingine.

Ningeweza kuzeeka hivyo. Lakini mwaka huu Kahe wamepata afisa uvuvi mpya, binti anayeitwa Neema, na wavuvi wanamwita Bwana Samaki vilevile. Neema amekuja na hereni za siku hizi, ambazo si hereni: ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinachoingizwa ndani ya samaki, na kifaa kilichofungwa mdomoni pa kila kijito kinamsikia akipita. Hakihitaji mvuvi wala sabuni. Aliposikia kwamba mzee aliyefanya kazi hiyohiyo zamani bado yu hai, alipanda Kibosho na pikipiki, akapewa chai na lile daftari.

Jumapili nilipokwenda kumsalimia baba, hakuwa ameketi. Alikuwa anatembea uwanjani, na miguu yake ile haitembei bila sababu.

"Yule binti amepiga simu," alisema. "Kambale wote wa punje wanapanda Mto Mweusi. Mikuyu hakuna."

Niliweka kikapu chini. "Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Sasa wanalinganisha na daftari langu. Enzi zangu walikuwa Mikuyu, sivyo? Saba kwa mbili. Maana yake kuna kitu kimewahamisha." Alikuwa na furaha ambayo sikuiona usoni kwake tangu mama aondoke. "Ni mfereji, Manka. Wale vijana wa mpunga wamekausha Mikuyu. Alhamisi kuna mkutano, mfereji ufungwe, maji yarudi kijitoni, samaki warudi kwao. Daftari langu ndilo ushahidi."

"Vijana gani wa mpunga?"

"Wajukuu wa yule bibi. Namkunda."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilitaka kusema, na mdomo ulifunguka. Nilichosema ni kwamba nyasi za ng'ombe zinaonekana zimekwisha. Baba alikubali kwamba zimekwisha. Tukazungumza nyasi kwa nusu saa, mimi na yeye, watu wawili waliosoma, na nikashuka mjini nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayejifunza kuendesha.

Jumatatu sikupiga simu. Jumanne niliandika maelezo yote kwenye karatasi, nikayasahihisha sarufi. Jumatano asubuhi, nikiwa jikoni, na mkutano ni kesho, nilipiga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado. Baba, daftari lako lina makosa."

Alicheka kidogo. "Makosa gani? Uliandika wewe."

"Hereni za Baba Nakijwa hazikutoka mtoni. Zilitoka kwenye kopo. Ni za samaki waliofia kwenye pipa, sikuzifuta namba. Mimi ndiye niliyempa Nakijwa."

Nilisikia ng'ombe wake, na mtu akipasua kuni kwa jirani. Niliendelea kwa sababu nikinyamaza nisingeweza tena. Nilimwambia nilivyodhani ni mashindano, na shati la Nakijwa, na kwamba nilitaka aseme Mto Mweusi, na yeye akasema Mikuyu.

"Zote sita?" baba aliuliza.

"Zote sita."

"Kwa hiyo Mikuyu alipanda mmoja."

"Mmoja, Baba. Samaki hawajahamishwa na mfereji. Hawakuwahi kuwa huko."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa machozi, na kwa kuambiwa kwamba mama alijua.

"Alisimama akasema mmoja," baba alisema. "Mbele ya watu wote. Na mimi nikamwambia akae chini."

"Ndiyo."

"Mtu mzima yule. Mara mbili nilimwambia."

"Baba, mimi ndiye..."

"Lako nimelisikia. Nasema langu." Alikohoa. "Yule binti nitampigia mwenyewe, sasa hivi. Daftari ni langu, nitamwambia alifunge. Na kesho utanipeleka Kahe. Utawaambia wale vijana ulichoniambia mimi, hivyo hivyo, usiongeze maneno yako ya vitabuni. Ukimaliza nitasema na mimi."

"Mkutano ni saa nne. Miguu yako itaweza?"

"Njoo saa moja," alisema. "Hii barabara yetu mbaya." Akakata simu.